Thumni Iliyogeuka Nusu

Ami Haroub,

Habari kwanza, maelezo baadaye. Ndivyo nilivyofundishwa kazi ya gazeti. Ganda lako la risasi limekubaliwa. Kamati ya klabu ya shabaha ya Riyadh imelipiga, imelijaza tena kwa mkono, imelipiga tena na tena, na mwisho mwenyekiti ametia saini. Jina lililoandikwa juu ya mchoro ni Haroub. Si jina la klabu, wala la Abu Faris mwenye karakana. Ni lako.

Najua swali ambalo ungeliuliza, nalijibu kabla hujaguna: ndiyo, ni lile lile ulilosema litupwe.

Ulifariki asubuhi ukazikwa baada ya alasiri. Mimi nilikuwa Manfuha, kusini mwa Riyadh, nimeketi chumbani mwa vijana wa Kenya walioletwa na mawakala, nikiwauliza nani aliahidiwa nini na akakuta nini. Simu ilinikuta hapo. Nilipofika Jeddah watu walikuwa wameshatawanyika na majirani wanaosha vikombe vya kahawa. Nilimwuliza mwanao kaburi liko safu ya ngapi, akanitazama kama mwendawazimu. Sikulia. Niliuliza tena, akanijibu.

Barua hii atasomewa Bi Zuwena, mkeo, na Mutua, fundi wako, ataisoma mwenyewe, kwa hiyo nieleze mambo mengine ambayo wewe unayajua kuliko mimi.

Wapigaji shabaha wa kweli hawanunui risasi mpya kila siku. Ganda la shaba likishapigwa hubaki zima. Mwenye subira huliosha, hulirudisha umbo lake, hulitia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa kipya cha risasi, likapigwa tena. Wewe uliwafanyia wanachama kazi hiyo katika chumba cha klabu hapa Jeddah, kwa kibali, tangu mimi sijaota ndevu. Kisha baridi yabisi ikaingia vidoleni. Vichwa vya risasi vikawa vinakuponyoka na kubiringika chini ya meza, nawe unavitukana kwa Kiarabu, kwa sababu, ulisema, malaika waliokufuata kutoka Unguja hawajui Kiarabu cha matusi.

Haikuwa wewe peke yako. Wazee wa klabu walikuwa wanaacha mmoja mmoja. Macho bado yanaona, bega bado linabeba bunduki, lakini vidole havijazi. Na asiyejaza mwenyewe, kwenu ninyi, hakuhesabiwa mpigaji.

"Maganda yote haya yamebuniwa na vijana kwa ajili ya vijana," ulisema siku moja, umeinama chini ya meza. "Mimi nitabuni ganda la watu wazima."

Ukabuni. Juu ya ile meza yako ya nyumbani, mtaa wa Ghulail hapa Jeddah, ghorofani, na kelele za duka la vipuri chini, ukachora na kufuta. Ulilieleza ganda kama mama mkwe anavyomkagua bibi harusi: kitako kiwe kipana, kishikike hata na vidole vilivyovimba, tumbo lisilegee, linyooke, lisigande ndani ya chemba ya bunduki, bega lisimame wima zaidi, ili shaba isikimbilie mbele kila linapopigwa. Fataki na kichwa viwe vya kawaida, vya kununuliwa rafuni, mtu asihangaike kuagiza. Nilikuuliza kama una hakika na kila kipimo. Ndipo ukanipa jina la Bwana Hakika, na watoto wa Ghulail wakalichukua, na mpaka leo wananiitia hilo barabarani.

Kisha akaja Mutua. Ni mimi niliyemleta, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na sehemu ya sifa pia. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma kutoka Machakos. Wakala alimwahidi karakana, akakuta kazi ya kuchunga ngamia. Nilipoandika habari yake ukanipigia simu.

"Huyo kijana wako anajua kukereza au anajua kulalamika tu?"

Nikasema anajua vyote viwili. Ukasema vyema, fundi asiyelalamika haoni kosa. Ukamweleza Abu Faris, ambaye karakana yake ya Riyadh ndiyo yenye kibali cha kuitengenezea klabu bunduki na maganda. Abu Faris akawa kafili wake mpya, mdhamini wake wa kazi. Mchoro wako ukapelekwa Riyadh, Mutua akaanza kazi.

Mlikuwa hamjaonana. Mlizungumza kwa simu tu, wewe na Kiunguja chako cha utotoni ulichokihifadhi kama hirizi, yeye na Kiswahili chake cha Machakos na Nairobi. Nilikuwa nimekaa karibu yako siku ile ya mwisho ulipobadilisha kipimo. Ulikuwa umeufikiria mchoro wiki nzima na ukaona shingo ya ganda, pale panapokaa kichwa, ni fupi kidogo. Ukapiga simu.

"Mutua, mwanangu, shingo hiyo izidishe thumni yake."

"Sawa mzee. Sumuni. Nimeshika."

"Barabara."

Ukakata simu, umeridhika. Mimi, Bwana Hakika, niliisikia kila herufi na sikuona tatizo lolote.

Kwako, mtoto uliyekulia sokoni Jeddah, thumni ni moja ya nane. Ndivyo asemavyo kila Mwarabu anayegawa nyama au kitambaa. Kwa Mutua, sumuni ni ile senti hamsini aliyokuwa akipewa na nyanya yake anunue peremende. Nusu ya shilingi. Basi akaiongeza shingo nusu yake. Mwarabu asingelikosea hivyo. Mzungu angeliuliza namba. Kosa kama lile huwapata Waswahili wawili tu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake anasema Kiswahili.

Na Mutua ni fundi safi, hapo ndipo palipokuwa na msiba. Hakukosea tu, alikosea kwa ukamilifu. Chuma cha kuchimbia chemba alikinoa kwa shingo ile ndefu. Chemba ya bunduki akaichimba kwa chuma hicho. Maganda akayatengeneza yaingie chemba hiyo kama kidole na pete. Hakuna kilichogongana na kingine, kwa hiyo hakuna aliyeshituka.

Abu Faris akashuka Jeddah na ganda la kwanza mfukoni, tupu, akakuwekea mezani kwa heshima. Ulilishika. Ukaligeuza. Ukalisimamisha kando ya ganda la kawaida.

"Hili twiga," ukasema. "Nani kaniletea twiga?"

Ukapiga simu na sauti ukaiachia nje, tukasikia sote.

"Nilisema thumni!"

"Ndiyo mzee, sumuni. Nimeweka sumuni."

"Thumni!"

"Sumuni, mzee, si ndiyo hiyo!"

Bi Zuwena akauliza kutoka jikoni, "Mnauza nini huko?"

Mutua akasema, "Aki mzee, sumuni ni nusu. Uliza mtu yeyote." Wewe ukamjibu kwamba huna haja ya kuuliza mtu yeyote, kwa kuwa mtu yeyote hakukuharibia kazi, kakuharibia yeye. Abu Faris hakuelewa neno hata moja isipokuwa thumni, na hilo akalielewa sawasawa. Akafumba macho.

Ulilirudisha ganda mezani. Kisha ukasema kwa Kiarabu, ili asiwepo wa kusema hakusikia: "Halas. Litupwe."

Sote tulijua maana yake. Chuma kipya na mtutu mpya vilihitaji kibali kipya. Kamati hutazama maganda mapya mara moja katika msimu, na msimu ulikuwa umeshafika. Ingebidi kungoja mwingine. Wewe ulijua daktari amekwambia nini kuhusu msimu mwingine. Mimi nilijua kwa sababu nilimwuliza. Kutupa twiga yule kulikuwa ni kulitupa ganda la watu wazima, jumla.

Haikupita muda mrefu ukatutoka.

Baada ya matanga nilirudi Riyadh. Abu Faris alinipokea karakanani, mtutu umefungwa mezani, maganda yamepangwa kwenye kisanduku cha tende. Akaniambia, "Wewe ndiye damu yake uliye hapa. Kamati inakaa wiki hii. Tulitupe au tulipige?"

Nilimgeukia Mutua. Alikuwa amekonda. Nikamwuliza, "Una hakika litafanya kazi?"

"Sina," akasema. "Lakini nimejaza maganda kadhaa kwa mkono, nikiwa nimevaa glavu za kuchomea vyuma, ndiyo vidole viwe kama vya mzee. Hakikuniangukia kichwa hata kimoja."

Ami, neno la marehemu lina uzito, na mimi si mtu wa kupindisha kauli za watu zinifae. Ulisema litupwe. Lakini kabla ya hapo, kwa miaka, ulisema unataka wazee warudi kujaza wenyewe. Hizo ni kauli mbili za mtu mmoja na zinagongana. Mwandishi akikuta hivyo hachagui anayoipenda. Anakwenda kuona.

Nikasema, "Lipigwe."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuamua jambo zito bila hakika. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Uwanja uko nje ya mji, kaskazini, jangwani, na asubuhi ile kulikuwa na upepo wa pembeni. Kamati ilikuwa na masharti yake: aliyetengeneza haruhusiwi kujaza. Wanachama wenyewe wanajaza, wanapiga, wanajaza maganda yale yale, na kandoni wanafanya hivyo hivyo kwa maganda ya kawaida ili watu walinganishe. Mwenyekiti akamwita Kanali mstaafu, yule mwenye miwani minene, ambaye ulinihadithia kuwa aliacha kupiga kwa sababu ya vidole. Nilipomwona anasogea mezani nilitazama chini.

Akalichukua ganda lako. "Hiki nini, kalamu?"

Watu wakacheka. Mutua alinikanyaga mguu, sijui kwa nini.

Kanali akalishika kitako, pale ulipopapanua. Halikumponyoka. Akatia fataki, akatia baruti kwa kipimo cha klabu, taratibu, kwa vidole vilivyovimba. Kisha akachukua kichwa cha risasi na kukisogeza mdomoni mwa ganda. Kwenye maganda ya kawaida ndipo kinapoinama na kuanguka, mzee akaanza upya mpaka akakata tamaa. Kwenye lako kilizama kidogo tu katika ile shingo ndefu, kikashikwa pande zote, kikasimama. Kanali akatoa mkono. Akangoja kianguke.

Hakikuanguka.

"Mashallah," akasema, si kwa sauti kubwa. "Limekaa."

Akajaza la pili. La tatu akalijaza amevua miwani, kwa maringo tu, na mwenyekiti akamwambia, "Yalla, ya Kanali, hapa si sarakasi."

Wakapiga, wakajaza, wakapiga. Maganda ya kawaida yalianza kupasuka midomo. Ya kwako, shaba ilipokuwa ngumu na ikabidi shingo ipashwe moto ilainike, moto uliishia shingoni. Haukushuka tumboni kuidhoofisha shaba pale inapobeba kishindo. Mjumbe mmoja, injinia, aliligeuza ganda kwenye mwanga na kumweleza mwenzake kwamba hiyo ndiyo faida ambayo yeye asingeliitafuta hapo. Mutua alinitazama. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Wala wewe, nadhani. Kama ulilifikiria, hukusema.

Kisha, katikati, risasi moja ya ganda lako ikaenda mbali. Si mbali kidogo, mbali kabisa, ukingoni mwa karatasi. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, na nyote mnajua mwenyekiti akiweka kalamu chini amekataa. Mutua akaanza kunong'ona kitu kwa Kikamba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyokueleza... kisha nikakumbuka hupo wa kuelezwa.

Kanali akainua mkono kutoka pale alipolala na bunduki.

"Ni mimi," akasema. "Nimepiga chafya."

Mwenyekiti akamwuliza kama anaapa. Akaapa. Mwenyekiti akaokota kalamu, akaandika, na injinia akaniambia baadaye kwamba kumbukumbu rasmi za kamati ile sasa zina neno chafya.

Walipoileta karatasi ya mwisho, ukiacha lile tundu la chafya, matundu yote yalifunikwa na kizibo cha soda. Nilikiweka mwenyewe. Maganda yale yale, yamejazwa na mkono wa mzee ambaye hakujaza risasi kwa miaka. Kanali aliiomba karatasi ile aipeleke nyumbani. Alipoikunja niliona kidevu chake kinacheza, nikatazama pengine, kwa adabu.

Mwenyekiti akauliza, "Nani aliyefikiria shingo hii?"

Wote wakanigeukia mimi, mwanafamilia. Lilikuwa jambo jepesi kusema: ami yangu. Ungelipenda niseme hivyo.

Nikasema, "Simu."

Nikawahadithia yote, thumni yako na sumuni ya Mutua. Mwenyekiti alicheka mpaka shemagh, kitambaa chake cha kichwani, ikamteleza mabegani. Kila alipotaka kunyamaza alirudia, "Thumni! Thumni imekuwa nusu!" na kuanza tena. Kanali akasema alhamdulillahi hukumwambia aongeze nusu, maana angelileta shingo peke yake bila ganda. Mutua hakuelewa Kiarabu chote lakini alielewa kwamba hafukuzwi, akacheka kwa nguvu kuliko wote.

Walipouliza jina la kuandika, ni Mutua aliyesema, tena kwa sauti: "Haroub. Mzee ndiye alichora." Mwenyekiti akaliandika juu. Mimi nikaomba chini yake liandikwe jina la aliyelitengeneza, wakakubali. Kwenye karakana, lakini, hakuna anayeliita Haroub. Wanaliita Twiga. Hiyo nayo umeitoa wewe.

Sasa mambo yaliyobadilika. Ikama ya Mutua, kibali chake cha ukaazi, imeandikwa fundi. Anakuja Jeddah kila apatapo likizo, anakula kwa Bi Zuwena, na anaita biriani pilau, mkeo anamsahihisha kila mara na kumwongezea kila mara. Meza yako iko pale pale. Duka la vipuri chini limefungwa, sasa anauza simu Msomali mmoja, kuna utulivu ambao ungeuchukia. Klabu ya hapa Jeddah imeagiza maganda ya kwanza, na chumba chako cha kujazia kina viti zaidi, kwa sababu wale walioacha wanarudi na wanapenda kukaa na kubishana.

Nilipompelekea Bi Zuwena habari alikuwa bado edani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa kanga, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Angelikuwa hai," akasema, "angeliapa kwamba tangu mwanzo alisema nusu."

Na kweli yameanza. Wiki iliyopita, Ghulail, nimemsikia mtu ambaye hata hakukujua akisimulia kwamba ulimwambia Mkenya nusu kwa makusudi, ukaita thumni ili Waarabu wasikuibie siri. Hadithi nzuri. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukustahi. Nilisimama pale pale na kuikanusha, wakaniangalia kama niliyelitusi kaburi.

Basi ahadi yangu ni hii. Nitaiandika habari ya ganda hili, kwa jina lako, na nitaiandika ilivyo. Kitako ni chako, tumbo ni lako, bega ni lako, na fikra ya kwamba vidole vya wazee vinastahili kubuniwa kitu ni yako, haikuwa ya mtu mwingine. Shingo ulikosea. Ulitaka thumni, ukapewa nusu, ukakasirika, ukasema litupwe, na halikutupwa. Sitaondoa hata kimoja. Mtu aliyekuwa sahihi kiasi kile hana haja ya kupambwa, na mimi sitawaachia watu wakutengenezee Haroub mwingine, mjanja kuliko wewe, mpole kuliko wewe, ambaye mimi sikumjua wala sikumpenda.

Mungu akupe nafasi huko, Ami. Upo safu ya nne, upande wa ukuta. Nitakuja Ijumaa.

Huku wazee wamerudi uwanjani, na wanajaza wenyewe.

Mwana wa ndugu yako